Antene, telefone na lile neno "labda"

Katika mikutano ya koperative, kuanzia Butembo mpaka Oicha, kuna ulizo moja linalorudi kila mara, hata kama siku hiyo tumekuja kuzungumuza juu ya kuchachusha kakao ao kuchagua mbegu ya viazi. Mtu anainua mkono, mara nyingi ni mama: "Bwana agronome, hizi antene wanazosimamisha kwetu, ni kweli zinaleta kansere?" Nyuma yake mwengine anaongeza kwamba kakao yake ya karibu na antene inaoza. Na mwengine tena, kwa sauti ya chini juu wakwe wako pale, anauliza kama telefone ku mfuko wa suruali inamaliza uzazi wa mwanaume.

Hayo si maulizo ya kuchekewa. Kuna koperative ambazo zimeombwa kipande cha ardhi ili antene isimame pale, na wanachama wamegawanyika: huyu anaona feza ya kodi kila mwaka, yule anaona kaburi. Tena sisi wa Beni na Butembo tulikwisha kuona namna watu wanavyokasirika wakati maulizo yao yanajibiwa kwa haraka na kwa dharau. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu 2.287 walikufa, na sehemu ya vurugu tuliyoiona ilitoka kwa wageni waliofika na jibu kabla ya kusikiliza ulizo. Kwa hiyo ninapenda tulichukue ulizo la antene sawasawa.

Maoni yangu ninayatoa mapema. Koperative isikatae antene juu ya mionzi. Kama inakataa, ikatae juu ya mkataba mbaya ao juu ya jenereta iliyowekwa karibu na kisima. Na mtu anayeogopa kansere aanze kuogopa vitu vilivyo ndani ya depo yetu, juu vile vimehakikishwa kuliko antene.

Mimi si daktari, ni mtu wa mashamba. Lakini ile karatasi ambayo kila mtu anaitaja, inayosema "telefone inaleta kansere", inasema mengi pia juu ya kazi yetu ya ulimaji, na sehemu hiyo hakuna anayeisoma.

Karatasi hiyo inatoka wapi? Kuna shirika la uchunguzi wa kansere la OMS, jina lake CIRC, liko Lyon, Ufaransa. Mwezi wa tano 2011 lilikusanya watu wa sayansi 31 kutoka inchi 14, wakapima uchunguzi wote uliokuwapo juu ya mionzi ya redio, yaani mionzi ya telefone, ya antene, ya redio na televizyo. Wakaiweka katika kundi linaloitwa 2B. Ngazi za CIRC ziko hivi: kundi la 1 ni vitu vinavyoleta kansere kwa hakika, 2A ni vitu vinavyoelekea sana kuleta, 2B ni "labda", kundi la 3 ni vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kusema ndiyo wala hapana. Ngazi hizi zinapima nguvu ya ushahidi. Hazipimi ukubwa wa hatari. Mtu anaweza kuwa na ushahidi wenye nguvu juu ya hatari ndogo, na ushahidi dhaifu juu ya hatari kubwa.

Walimaji wa kahawa wanapaswa kujua hii zaidi ya wengine wote. Katika mwaka 1991, CIRC iliweka kahawa, hii kahawa yetu, katika kundi lile lile la 2B, juu ya kansere ya kibofu. Kahawa ilikaa pale miaka 25. Hakuna mnunuzi aliyeacha kununua kahawa ya Kivu juu ya jambo hilo, na sisi wenyewe hatukung'oa miti. Mwaka 2016 waliangalia tena, uchunguzi ulikuwa umeongezeka, wakaitoa na kuiweka kundi la 3. (Walisema wakati ule ule kwamba kinywaji cha moto sana, kupita digri 65, kinaelekea sana kuleta kansere ya umio. Kwa hiyo iache ipoe kidogo.) Telefone iko leo mahali ambapo kahawa ilikuwa. Inaweza kushuka, inaweza kupanda. Washauri wa CIRC wameomba mionzi hii ipimwe upya.

Sasa, uchunguzi wenyewe umeonyesha nini? Ule mkubwa wa kwanza uliitwa Interphone, ulifanyika katika inchi 13, na matokeo juu ya kansere ya ubongo yakatolewa mwaka 2010. Waliwauliza wagonjwa wa uvimbe wa ubongo na watu wazima wenye afya: ulitumia telefone namna gani, saa ngapi, sikio gani? Kwa jumla hawakuona hatari kuongezeka. Lakini katika fungu la watu waliozungumuza zaidi, wale waliofikisha saa 1.640 na kupita, uvimbe unaoitwa glioma ulionekana zaidi kwa asilimia 40. Ukigawanya saa hizo kwa miaka kumi, ni karibu nusu saa kila siku. Wachunguzi wenyewe walisema tusikimbilie, juu mgonjwa anayetafuta sababu ya ugonjwa wake anaweza kukumbuka vibaya. Nani kati yetu anakumbuka alizungumuza dakika ngapi miaka minane iliyopita?

Kwa sababu hiyo walianza uchunguzi mwengine, COSMOS, wa kuwafuata watu wazima kwa miaka bila kungoja wagonjwe. Zaidi ya watu 250.000 katika inchi tano za Ulaya. Matokeo yalitoka mwaka 2024: waliozungumuza sana hawakupata uvimbe wa ubongo kuliko waliozungumuza kidogo. Mwaka ule ule, kundi lililotumwa na OMS lilipitia uchunguzi 63 wa tangu 1994 mpaka 2022 na likafika pale pale.

Kuna upande mwengine, na ningekuwa mwongo nikiuficha. Marekani walifungia panya katika vyumba vya mionzi karibu saa tisa kila siku kwa miaka miwili, mwili muzima. Mwaka 2018 walitangaza kwamba panya wakubwa wa kiume walipata uvimbe wa moyo. Majike hawakuonyesha hivyo waziwazi. Na jambo la kushangaza, panya wa kiume waliopigwa mionzi waliishi kuliko wale ambao hawakupigwa. Mwaka 2025 wachunguzi waliopitia majaribio yote ya wanyama walisema ushahidi ule wa panya wa kiume ni wa kuaminika. Kuhusu mwanadamu anayepiga telefone dakika kumi na kuirudisha mfukoni, hapo ndipo mabishano yanapoendelea, na ndipo lile "labda" linapokaa.

Na lile ulizo la sauti ya chini? Liko na jibu pia, wakwe wavumilie. Uswisi walipima vijana wanaume 2.886, wa miaka 18 mpaka 22, kati ya 2005 na 2018. Waliotumia telefone zaidi ya mara 20 kwa siku walikuwa na mbegu za uzazi chache kuliko waliotumia mara moja kwa juma: milioni 44,5 kwa mililita, wengine milioni 56,5. Lakini kuiweka telefone ku mfuko wa suruali ao mahali pengine hakukuleta tofauti. Na tofauti yenyewe ilionekana zaidi miaka ya mwanzo, wakati wa telefone za zamani zinazotoa nguvu nyingi. Mtu wa telefone nyingi anaweza pia kuwa mtu asiyelala na asiyetembea. Anayetaka aiweke ku begi, haigharimu kitu.

Jambo linaloniudhi katika uchunguzi huu wote ni lingine. Zile inchi 13 za Interphone, hakuna hata moja ya Afrika. Na karibu euro milioni 5,5 kati ya 19,2 za kazi ile zilitoka kwa watu wa biashara ya telefone. Feza ilipitishwa kwa njia ya kuwazuia wasiongoze kazi, ni kweli, lakini mlimaji ana haki ya kulijua. Hakuna aliyekuja kumpima mama wa Lubero anayetafuta rezo juu ya kilima na telefone ya dola kumi.

Na huyo mama ndiye anayepaswa kutushugulisha, juu hali yake inageuza hesabu ambayo watu wengi wanaifanya. Telefone inazungumuza na antene kama watu wawili wanaoitana. Wakiwa karibu wanasema kwa sauti ndogo. Mmoja akiwa ng'ambo ya bonde anapiga kelele. Wakati rezo iko kipande kimoja, telefone inaongeza nguvu yake yote ili ifike, na nguvu hiyo inatokea sentimeta mbili kutoka ubongo wako. Uswidi walipima jambo hili mwaka 2004: katika vijiji vyenye antene chache, telefone zilitumia nguvu ya mwisho karibu nusu ya wakati, mjini, karibu robo tu. Batri inayoisha haraka wakati uko bondeni inakuambia jambo lile lile.

Mionzi ya antene yenyewe inapungua haraka ukienda mbali. Mtu wa meta 100 anapata sehemu moja ya mia ya kile anachopata mtu wa meta 10, tena antene inatupa mionzi yake mbele, kama tochi, haimwagi chini ya miguu yake. OMS ilisema mwaka 2006 kwamba vipimo karibu na antene vilikuwa kati ya asilimia 0,002 na 2 ya mpaka uliowekwa na wataalamu wa dunia. Kwa hiyo kijiji kinachofukuza antene ili kujikinga na mionzi, kinabaki na telefone zinazopiga kelele ku sikio. Mtu anayeogopa mionzi angepaswa kuomba antene iwe karibu zaidi! Ninajua sentensi hii haipendezi katika mkutano, lakini ndivyo ilivyo.

Tuje ku mimea, pale ninapojua vizuri. Kakao inayooza karibu na antene: nimeangalia mashamba kama hayo. Kuoza kwa maganda, kule kunakoanza na doa jeusi na kufunika tunda zima, kunaletwa na Phytophthora, kidudu kinachopenda maji na kivuli. Pale wanapojenga antene wanakata miti, wanashindilia udongo, wanaleta njia ya gari, na mvua inabadilisha mkondo. Maji yakituama chini ya kakao, maganda yanaoza. Chimba mtaro, punguza matawi, toa matunda yaliyooza kila juma uyafukie mbali. Kama antene ndiyo ingekuwa mchawi, trakeomikozi ingengoja antene kwanza. Ule ugonjwa ulianza kumaliza robusta ya kaskazini-mashariki ya Congo wakati mlimaji wa Beni hajui hata telefone ya mkononi ni nini, na mwaka 1993 ulikuwa umekwisha kufika Uganda. Mnyauko wa ndizi nao unatembea na panga lisilosafishwa na miche ya jirani.

Juu ya nyuki, wafugaji wananiambia habari ya uchunguzi wa Uswisi wa mwaka 2011. Upo. Mchunguzi aliweka telefone zinazozungumuza ndani ya mzinga, na nyuki wakaanza kutoa ule mlio wanaotoa wakati wanataka kuhama. Basi usiweke telefone ndani ya mzinga. Antene ya kilima cha pili ni habari nyingine, na dawa tunayopulizia nyanya wakati wa maua inaua nyuki leo, bila kungoja uchunguzi.

Kuna kitu kimoja karibu na antene ambacho kinanitia wasiwasi kweli: grupu. Umeme ni shida kwetu, kwa hiyo antene nyingi zinaishi na jenereta ya mazutu. Moshi wa mazutu CIRC iliuweka kundi la 1 mwaka 2012. Kundi la kwanza, hakika. Mwanachama anasimama meta tano kutoka grupu, anameza moshi, huku anaelekeza kidole juu ku antene! Ongeza mafuta yanayomwagika ku udongo na kushuka mpaka ku chemchemi, na batri za zamani zenye risasi ambazo watoto wanavunja. Hizo ndizo hatari za kutaja wakati wa kuzungumuza na kampuni.

Sasa tuingie depo yetu. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu zinaota kuvu, na kuvu ile inatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Kundi la 1, kansere ya ini. Ikikutana na mtu mwenye hepatiti B, hatari inazidishwa mara nyingi. Tena haingoji kansere tu: mwaka 2004, mashariki ya Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua juu ya mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakakufa. Hakuna antene iliyofanya hivyo popote. Na dawa ya sumu hiyo tunaijua: kukausha juu ya hema na si juu ya udongo, kupanga magunia juu ya mbao, kutupa punje zenye kuvu, na si kuzisaga ili mtu asione. Ile "kuzisaga ili mtu asione" ninaisema makusudi. Wanaofanya wanajijua.

Halafu pompi. Mwaka 2015 CIRC iliweka glifozati na malationi katika 2A, ngazi moja juu ya telefone. Juu ya glifozati kuna mabishano, wataalamu wa Umoja wa Ulaya hawakukubali. Malationi kuna watu wanaichanganya na maharagi ya kula. Ninakutana na vijana wanapulizia wakiwa na kandambili, bila ngatio, pompi inavuja ku mgongo, mdomo umefungwa kwa jani. Jioni wanaosha pompi ku mto, na chupa ya dawa inaingia jikoni kuwekewa mafuta ya mawese. Kijana huyo huyo ananiuliza juu ya mionzi. Ninamjibu, lakini kwanza ninamwomba avue shati lile.

Hata moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha uko 2A. Wamama wanaupumua maisha yote, na hakuna mkutano ulioitwa juu yake. Nadhani najua sababu. Antene ni ya wengine, inaletwa na matajiri, inasimama juu na inaonekana. Na kati ya 2020 na 2022 tulikatwa ile taksi ya RAM ku kila telefone, hatukuona faida yake, kwa hiyo mtu akisema "hawa wanatudanganya" anasikilizwa haraka. Kuvu ya karanga ni yetu wenyewe. Kumtuhumu mgeni ni rahisi kuliko kufungua gunia lako mbele ya majirani.

Bado kuna jambo ambalo linapima zaidi ya yote kwetu. Tangu Oktoba 2014, katika territoire ya Beni, watu wanauawa mashambani na usiku manyumbani. Wanaokwenda kuvuna kakao wanapiga telefone kwanza kuuliza kama njia iko salama, na kijiji kinachoshambuliwa kinajulisha kijiji cha mbele kwa telefone. Pale rezo haipo, habari inatembea na miguu. Koperative inayokataa antene iweke hesabu hiyo ku mizani pamoja na bei ya kakao, na malipo ya wanachama yanayopitia M-Pesa ao Airtel Money kuliko mtu abebe feza ku njia mbaya.

Kwa yule anayetaka kupunguza mionzi ku kichwa chake, ni rahisi: zungumuza kwa maneno mafupi wakati rezo ni dhaifu, tumia sauti ya nje ao waya wa masikio, andika mesaji, usiache mtoto mdogo na telefone ku sikio. Telefone ikiwa sentimeta 20 kutoka kichwa, nguvu inayofika ni ndogo kabisa kuliko ikiwa imegusa sikio.

Na kwa komite inayoitwa kutia sahihi, ombeni kwa maandishi matokeo ya kipimo cha mionzi baada ya antene kuwashwa, kipimwe pale watu wanapoishi na ku masomo, na nakala ipelekwe ARPTC, ofisi ya serikali inayosimamia telefone. Kampuni ikisema kipimo hakihitajiki, hapo mjiulize. Grupu ikae chini ya upepo, mbali na chemchemi, juu ya saruji yenye ukingo wa kuzuia mafuta, na batri za zamani zirudi kwa aliyezileta. Mtaro wa maji uchimbwe na kampuni kabla ya mvua. Kodi ilipwe ku konti ya koperative, siyo ku telefone ya prezida. Na mkataba wote usomwe kwa Kinande pia, mbele ya mkutano mkubwa, wamama wakiwapo, siku moja kabla ya sahihi.